Kanda Niliyoifuta
Mume wangu alipenda muziki wa bendi za zamani. Mimi niliuogopa. Ilituchukua miaka ishirini kuzungumza.

Huku kwetu Lushoto mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba mapema, na saa kumi na mbili jioni kila mama ameshaingiza jiko la mkaa ndani. Ni saa ya kukaa pamoja. Watoto wanamenya viazi, baba yuko karibu na redio, na mama anasikiliza huku akigeuza chungu. Nyumba nyingi za Usambara zimelelewa na redio katika saa hiyo.

Katika nyumba yangu redio ilinyamaza kwa miaka ishirini, na aliyeinyamazisha ni mimi. Nimeombwa nieleze ilivyokuwa. Nakubali, kwa sababu najua kuna mama mwenzangu anayesoma ukurasa huu na katoni la kanda za mumewe liko chini ya kitanda, naye anajiuliza alifanyie nini.

SANDUKU LILILOKUJA NA BWANA HARUSI

Tulifunga ndoa mwaka 1982. Mume wangu alikuja na vitu vichache: baiskeli, koti zito, redio kaseti, na katoni lenye kanda zaidi ya arobaini. Kila kanda ilikuwa na karatasi yenye majina ya nyimbo kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu. Morogoro Jazz. Western Jazz. Atomic. Jamhuri. Sikinde. Kanda ikikwama aliifungua taratibu na kuizungusha kwa penseli. Betri zikiisha nguvu alizianika juani ukutani zipate uhai wa siku mbili zaidi. Msimu wa mvua alizikagua kanda moja moja, maana unyevu wa milimani huota ukungu hata ndani ya kaseti.

Mimi nimekulia katika nyumba ya kanisa. Muziki wangu ulikuwa kwaya na matarumbeta tuliyorithi kwa wamisionari Wajerumani, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891. Katika nyumba ya baba yangu neno "dansi" lilitajwa pamoja na pombe, na hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha maneno hayo mawili.

Mwaka 1994 nilikuwa katibu wa kwaya ya akina mama. Tulikuwa na nyimbo mpya za kujifunza, na kanda tupu hazikununulika kwa urahisi. Mume wangu alikuwa safarini kwa mafunzo ya wiki mbili. Nikavuta katoni. Kanda zake nyingi zilikuwa zimevunjwa vile vipembe viwili vya plastiki nyuma, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Mama aliyewahi kuwa na redio kaseti anajua dawa yake: unaziba vile vitundu kwa kipande cha karatasi na gundi. Nikaziba kanda sita. Nikazipeleka mazoezini, tukarekodi kwaya.

Moyoni sikuhisi kosa. Nilijiambia nimezitakasa.

Aliporudi, jioni ile ya kwanza alichagua kanda mojawapo, akaiweka, akakaa. Magitaa yalilia kwa muda mfupi, labda nusu dakika. Kisha ukasikika mkwaruzo, na kwaya ya akina mama ikaanza, sauti yangu ikiwa juu ya wote. Mume wangu aliangalia redio. Akaniangalia mimi. Akaizima.

"Nilihitaji kanda za kwaya," nikasema. "Hizi ni nyimbo za dunia tu."

"Ni kanda tu," akajibu. Akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, ambao nilikuwa nimeshawafungia.

Tangu siku ile hakuweka tena muziki wake nyumbani. Hakugomba wala kununa. Alikula, alisali nasi, alilipa ada za watoto. Ila ile saa ya jioni, yeye na redio yake, ilikufa. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba mume wangu ameacha dansi.

ALICHOKUWA AKIKIPENDA

Nirudi nyuma kidogo, ili mama kijana anayesoma aelewe ni muziki gani ninaouzungumzia.

Bendi za dansi Tanzania ni za zamani kuliko wengi wetu. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 30. Morogoro kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Tabora kulikuwa na bendi mashuhuri, na mkoa wetu wa Tanga, wakati mkonge ulipokuwa na fedha, ulikuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki yote: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki Tanga, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika huko Kenya. Kwa hiyo mengi yaliyochezwa Kenya miaka ile yalikuwa na asili ya mkoa wetu.

Jambo la pekee ni kwamba baada ya uhuru bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika ya umma. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi, hata kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa wake Mbaraka Mwinshehe, walikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na mpaka leo wazee wanakumbuka walipokuwa waliposikia habari hiyo.

Nyimbo zenyewe hazikuwa fupi. Mume wangu alinifundisha baadaye, nilipokuwa tayari kufundishwa, kwamba wimbo wa dansi una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya masikilizano: waimbaji wanasimulia kisa taratibu, magitaa mawili au matatu yakijibizana kwa adabu. Kisha mlango unafunguliwa na unaingia kwenye chemko, mwendo unakolea, tarumbeta na saksafoni zinapanda, na aliyekuwa ameketi anasimama. Asiye na subira hawezi kuupenda muziki huu. Unakudai usikilize kwanza, ndipo ucheze.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina lake, na kila mtindo ulikuwa na wapenzi wake. Sikinde ilikuwa ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Saboso ya Western Jazz. Kamanyola ya Maquis. Wapenzi wa Sikinde na wapenzi wa Msondo wamekuwa watani kama wa Simba na Yanga. Mume wangu ni Sikinde. Kaka yake alikuwa Msondo. Wakikutana, wangeweza kubishana hadi jogoo la kwanza juu ya nani anajua kupanga sauti.

Na hapa mlimani, walisikia wapi? Redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi. Vyombo vya studio vilikuwa vichache, hivyo bendi nzima ilisimama na kupiga wimbo wote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nyimbo hizo zinasikika kama watu wamo chumbani nawe. Kijana wa Mlalo au Bumbuli aliyekuwa na redio alisikia sawasawa na kijana wa Kariakoo. Ila kuona bendi kwa macho lilikuwa jambo jingine. Ilibidi ushuke Soni, ushuke Mombo, upande basi la Tanga. Aliyerudi kutoka safari hiyo alizungukwa na wenzake wiki nzima akisimulia.

HOFU YETU HAIKUWA YA BURE

Dada zangu, sitaki mtu aseme nimeandika makala haya kuwatetea wanaume wanaokesha. Mama zetu walikuwa na sababu. Dansi lilipigwa usiku, mahali penye pombe, na mara nyingi mwisho wa mwezi. Wapo akina mama waliokaa macho hadi alfajiri wakisubiri mshahara ambao nusu yake ilibaki kaunta. Wapo walioletewa magonjwa, wapo walioletewa watoto wa nje. Mwanamke aliyepitia hayo akisikia gitaa, tumbo linamkaza, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Lakini nimejifunza kuuliza swali moja ambalo sikuliuliza mwaka 1994: Je, kilichoniumiza ni wimbo, au ni mambo yaliyotendeka pale wimbo ulipopigwa? Na je, mwanamume huyu niliyenaye, ndiye aliyeyatenda?

Mume wangu hakunywa. Alikuwa mwalimu aliyekaa nyumbani na redio yake. Nilimhukumu kwa makosa ya waume wa wengine.

Tena nilikuwa sijawahi kuyasikiliza maneno. Nyimbo nyingi zilikuwa mafundisho ya ndoa, zikizungumza na akina sisi hasa: mume asiyetunza nyumba, wifi wachonganishi, mtoto asiyesikia, jirani mwenye fitina, taabu ya mjane. Kida Waziri wa Vijana Jazz aliimba juu ya mawifi, na sidhani kuna mwanamke aliyeolewa ambaye hakumwelewa. Naye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeimba na Super Matimila, aliimba juu ya kifo na juu ya maskini kwa namna ambayo wahubiri wengi hawajaifikia.

Jambo jingine lilinishangaza. Baadhi ya wale niliowaogopa waliishia kanisani. Cosmas Chidumule, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Mlimani Park, aliokoka na kuimba nyimbo za injili. Remmy Ongala naye katika miaka yake ya mwisho aliimba injili, akafariki Dar es Salaam Desemba 2010. Sauti ni zile zile. Kama Mungu hakuona vibaya kuitumia sauti ya Chidumule, mimi nilikuwa nani hata niitie gundi na karatasi?

SIKU WIFI ALIPOULIZA

Tarehe 13 Aprili 2014, Jumapili ya Mitende, alifariki Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyesikika NUTA, Mlimani Park na Msondo. Wiki ile yote ya kuelekea Pasaka redio zilipiga nyimbo zake. Watoto wa siku hizi wana redio kwenye simu, kwa hiyo nyimbo zikaingia nyumbani mwangu bila kubisha hodi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amekuja kwetu kwa ajili ya sikukuu. Tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Wimbo mmoja ulipoanza, akaacha kuchambua.

"Wifi," akaniambia, "ile kanda ya kaka bado mnayo? Ile yenye sauti yake?"

Nikamuuliza ni sauti gani.

Ndipo aliponieleza. Kaka yao mkubwa alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Ndiye aliyelipa ada ya mume wangu. Ndiye aliyempeleka kwa mara ya kwanza kuona bendi kwa macho, akiwa kijana wa sekondari aliyekuwa hajawahi kuona taa za jukwaani. Mwishoni mwa miaka ya 70 kaka huyo alinunua redio kaseti, na siku moja, bendi kubwa ilipokuja kutoka Dar es Salaam, akaingia nayo ukumbini akarekodi. Katikati ya wimbo, chemko lilipoanza, alisogeza mdomo karibu akasema maneno kwa mdogo wake aliyekuwa huku mlimani. Akamtania juu ya Sikinde. Akacheka. Akamwambia asome kwa bidii, likizo ijayo atamleta waone pamoja.

Shemeji yangu huyo alifariki mwaka 1988. Picha yake tunayo moja, ya pasi ya kazi. Sauti yake ilikuwepo mahali pamoja tu duniani.

Mama mwenzangu, wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilikwenda chumbani, nikatoa zile kanda sita, nikazisikiliza moja moja. Katika zote nilisikia kwaya yetu. Tuliimba vizuri sana.

Jioni ile nilimngoja mume wangu uani. Nikamwambia, "Baba, wifi amenieleza habari ya kanda."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Mambo ya zamani hayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Ilikuwa imeshafutika. Ningekuambia, ungelia, na mimi ningelazimika kukubembeleza. Sikuwa na nguvu za kukubembeleza siku ile."

Nililia, na alinibembeleza, miaka ishirini baadaye. Niliomba msamaha, si kwa maneno ya "kama nilikukosea", bali kwa kutaja kosa lenyewe: nilichukua kitu chako bila kukuuliza, nikakidharau, na nikakuharibia. Akanisamehe. Naye akaomba msamaha wake: kwamba aliniacha niishi na mtu aliyefunga mlango, bila kuniambia kuna mlango.

UKUMBINI

Desemba ile tulikwenda Dar es Salaam kumtembelea binti yetu. Siku moja baada ya Krismasi alitupeleka kwenye onyesho la bendi ya zamani, lililoanza mchana. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na sikuwa nimewahi kuingia kwenye ukumbi wa dansi. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Mkoba niliukumbatia kama mtu aliye stendi.

Nilitegemea kuona wahuni. Niliona wazee. Wanaume wenye kofia na mashati yaliyopigwa pasi vizuri, wanawake wenye vilemba, wengi wakinywa soda na maji kwa sababu ya sukari na presha. Mezani kwetu alikaa mzee aliyestaafu reli. Hata kabla hajajua majina yetu alimuuliza mume wangu, "Wewe upande gani?" Mume wangu akajibu, "Sikinde." Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya utani: "Pole sana. Dada, umeishije na mtu huyu?"

Basi wakaanza. Nani alipiga solo katika wimbo gani. Bendi gani ilimnyang'anya nani mwimbaji, na mwaka gani. Nani alikuwepo usiku ambao umeme ulikatika na wapiga tarumbeta wakaendelea gizani. Nilimwangalia mume wangu akizungumza, mikono ikichora hewani, nikajiuliza: mtu huyu alikuwa wapi?

Mama mmoja mjane alinisogelea. Akanieleza kwamba huja kila sikukuu kama ana nauli. Yeye na marehemu mumewe walikutana kwenye dansi, na wote wawili walikuwa wacheshi wasiokunywa. "Nyumbani nina kiti chake," akasema, "na hapa nina wimbo wake. Kiti hakinijibu."

Bendi ilipoanza nilielewa kitu ambacho redio haiwezi kukueleza. Gitaa la besi unalisikia kifuani. Waimbaji wanne wanasimama bega kwa bega kama wanakwaya, na ni kweli ni kwaya, wanasikilizana, mmoja akipunguza ili mwenzake asikike. Mwimbaji mmoja alikuwa mzee sana, akaletewa kiti. Sauti ilipotoka, ukumbi mzima ulimsaidia.

Kisha wakapiga wimbo ule. Sitautaja jina, maana ni wa mume wangu na kaka yake. Chemko lilipoingia hakusimama kucheza. Aliinamisha kichwa, nikaona machozi yanadondoka mezani. Nikamshika mkono. Sikusema neno. Mzee wa reli naye, bila kuuliza, aligeuza kiti chake kidogo ili atufiche.

Saa mbili usiku tulikuwa tumeshaondoka. Njiani mume wangu alisema, "Alisema atanileta tuone pamoja. Umenileta wewe."

SI HUKU KWETU TU

Usidhani ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 60, vijana walianza muziki wa roki wa nyimbo ndefu, wenye sehemu nyingi na vyombo vingi, unaotaka msikilizaji mvumilivu. Mojawapo ya bendi hizo ni Genesis, iliyoanza mwaka 1967. Machi 2022 walifanya onyesho lao la mwisho jijini London. Mwimbaji wao Phil Collins, kwa sababu ya maradhi, aliimba akiwa ameketi, na wapenzi wao, wengi wakiwa ni babu na bibi, waliimba naye. Nilipoelezwa habari hiyo nilimkumbuka yule mzee wetu na kiti chake.

Tena njia za muziki hukutana. Mwimbaji wa kwanza wa Genesis, Peter Gabriel, baada ya kuiacha bendi hiyo mwaka 1975, alikuwa miongoni mwa walioanzisha matamasha ya WOMAD, yaliyoanza mwaka 1982, ya kuwakutanisha wanamuziki wa mataifa yote. Ni kupitia huko ambapo Remmy Ongala na Super Matimila walifika Ulaya, na mwaka 1989 kampuni ya Gabriel ilitoa santuri yao. Mpenda roki wa Uingereza na mpenda dansi wa Sinza walikuta wanamsikiliza mtu mmoja.

MAMBO MACHACHE YA KUZINGATIA

Akina mama wapendwa, kutokana na niliyopitia naomba niyaseme haya:

1. Usiharibu kitu cha mwenzako kwa jina la Mungu. Kama kuna kitu nyumbani kinakusumbua dhamiri, kiseme kwa mdomo, mkiwa wawili, kabla ya mkono kugusa. Kubomoa ni kazi ya dakika tano. Maji yakimwagika hayazoleki.

2. Uliza kisa. Kila mtu ana wimbo unaomkumbusha mtu. Muulize mumeo: wimbo huu uliusikia wapi kwa mara ya kwanza, na ulikuwa na nani? Mimi ningeuliza swali hilo moja tu mwaka 1982, sauti ya shemeji yangu ingekuwepo.

3. Tenganisha wimbo na tabia. Kama mumeo analewa, ongea naye juu ya ulevi. Kama fedha zinapotea, ongea juu ya fedha. Ukipigana na redio, ulevi utabaki pale pale, nawe utakuwa umepoteza nafasi ya kusikilizwa.

4. Ukimya si amani. Nilidhani mume wangu amebadilika, kumbe alikuwa amejiondoa. Mtu wako akiacha ghafla jambo alilolipenda, usikimbilie kushangilia. Uliza.

5. Nenda naye. Zipo siku hizi sherehe na maonyesho ya mchana ambako mama anaweza kukaa bila hofu. Wekeni fedha mapema, kubalianeni saa ya kurudi, na muwe na nauli ya kurudia mfukoni. Ukiona mahali hapafai, ondokeni pamoja.

6. Hifadhi sauti. Kama mna kanda za zamani, za wazazi, za harusi, za mahubiri au za bendi, wapo vijana mjini wanaoweza kuzihamishia kwenye kompyuta. Usingoje. Ukungu wa Usambara haungoji.

JIONI ZETU SASA

Mfalme Sauli aliposumbuliwa rohoni, aliitwa kijana mpiga kinubi, na Sauli akapata nafuu. Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi.

Kijana wetu alimpatia baba yake nyimbo karibu zote za lile katoni, kwenye kifaa kidogo kama ukucha. Wimbo ule umo, safi, bila mkwaruzo. Sauti ya kaka haimo, wala haitarudi, na hatujidanganyi juu ya hilo.

Jumamosi jioni huja watu wawili watatu na wake zao, majirani tu. Mimi natengeneza chai ya tangawizi na kuchemsha mihogo. Wanaume wanabishana juu ya Sikinde na Msondo, na wanawake nao, maana ilikuja kujulikana kwamba mama mmoja mwenzangu wa kwaya anazijua nyimbo za Marijani Rajab zote, na alikuwa akizificha kwa miaka mingi akidhani yuko peke yake. Kabla hawajaondoka tunasali.

Ile kanda bado tunayo. Siku moja nilimkuta mume wangu ameiweka kwenye redio ya zamani. Zikasikika zile sekunde chache za magitaa, kisha mkwaruzo, kisha kwaya yetu. Nilitaka kuizima.

"Iache," akasema. "Huyu anayeimba juu ni mke wangu."

Nikakaa karibu naye, tukaisikiliza hadi mwisho wa upande.